Mguu Usisahaulike Kwenye Picha

Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni, Mamboya, wilayani Kilosa



Nimeombwa nieleze jambo lililoleta maswali mengi tangu ofisi ilipotuma waraka wa bajeti kwenye sharika. Katika kifungu cha afya tumeweka fungu la picha za miguu kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Mjumbe mmoja ameurudisha waraka akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Miguu? Watu wana malaria." Mgeni wetu mmoja naye ameuliza kutoka upande mwingine kabisa: kama ni picha mnazotaka, kwa nini hamkuomba mashine ya eksirei, maana kwao ziko ambazo zimekwisha kupumzishwa na bado ni nzima? Maswali yote mawili ni ya haki, nami nitayajibu. Lakini kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe.

Mimi si daktari. Shahada yangu ni ya mipango. Ninayosema nimeelezwa na matabibu na nimeyasoma, kisha nimeyaona kwenye nyumba tunazozitembelea.

Hapa kwetu jina la baridi yabisi linabeba mzigo mkubwa. Bibi akiumwa magoti kwa sababu ya miaka sabini ya kupanda na kushuka milima hii, tunasema ni baridi yabisi. Mzee akiamka usiku kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwaka moto, tunasema hivyo hivyo, kumbe huenda ni jongo. Madaktari wakilitumia jina hili wanamaanisha ugonjwa mmoja. Ni ule ambao kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, inageuka na kuushambulia utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Utando unavimba, unakuwa mnene, na usipozuiwa unaanza kula gegedu na mfupa ulio jirani. Hupenda viungo vidogo vya mikono na miguu, mara nyingi pande zote mbili. Asubuhi mgonjwa huamka amekaza, na kukaza huko hakuachii upesi. Nusu saa, saa nzima, wengine zaidi. Duniani kote watu wenye ugonjwa huu hawafiki mmoja katika kila mia. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na mara nyingi huwakuta katika umri wa kulea na kulima. Kwa hiyo si ugonjwa wa wazee, ingawa tumezoea kuufikiria hivyo.

Sasa tuje kwenye mguu. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kushuka chini, una mifupa 26 na viungo zaidi ya thelathini. Mahali ambapo baridi yabisi hupenda kuanzia ni mstari wa viungo vitano pale vidole vinapoungana na unyayo, yaani sehemu tunayoikanyagia tunapopanda mlima. Mgonjwa huwa anaeleza jambo moja, awe anatoka Mamboya au Ulaya: anajisikia kama anatembea juu ya kokoto. Kadiri miaka inavyokwenda vidole hupinda kuelekea nje, vichwa vya mifupa hushuka chini ya unyayo, na ngozi ya hapo huwa ngumu kama kwato. Viatu vinakataa kuingia. Ndiyo maana utawaona wengi wao wakivaa ndala au yeboyebo mwaka mzima, hata siku ya Komunyo.

Katika mtaa mmoja tulimkuta mama wa miaka 38 ambaye alikuwa ameacha kwenda shamba la mbali kwa misimu miwili. Mikono yake ilikuwa imevimba kidogo tu, hata majirani hawakuona. Alikuwa amekwenda mahali pa matibabu ambapo alipewa sindano za maumivu, na baadaye akapigwa eksirei ya mikono. Picha ikaonyesha mifupa mizima. Akaambiwa hana kitu. Alirudi nyumbani akiwa na karatasi inayosema yu mzima, na mumewe akaanza kumwona mvivu. Hakuna aliyemwambia avue viatu. Tulipompeleka hospitali kubwa, daktari alimvua viatu kabla ya kumwuliza jina la ukoo, kama mama mwenyewe anavyosimulia kwa kicheko. Picha ya miguu ilionyesha mfupa wa kidole kidogo cha kulia umeanza kumegeka pembeni.

Kisa hicho si cha ajabu katika vitabu vya tiba. Mmegeko wa kwanza wa mfupa katika baridi yabisi mara nyingi huonekana kwenye kiungo cha kidole kidogo cha mguu, na unaweza kuonekana huko wakati mikono bado ni misafi kwenye eksirei. Jambo hili limejulikana miaka mingi, lakini hata wataalamu wenyewe waliusahau mguu kwa muda mrefu. Mwaka 1971 daktari Mmarekani, John Sharp, alitoa utaratibu wa kuhesabu madhara ya ugonjwa huu kwenye eksirei kwa kutoa alama kwa kila kiungo, nao ulihusu mikono peke yake. Ilibidi tusubiri hadi 1989 ndipo mtaalamu wa Uholanzi, Désirée van der Heijde, alipouongeza mguu: viungo sita kwa kila mguu, vitano vya mstari ule niliousema na kimoja cha kidole gumba. Utaratibu huo wa pamoja ndio unaotumika hadi leo katika utafiti wa dawa.

Hata hivyo mguu ulitolewa tena kwa mlango mwingine. Tangu 1995 madaktari wengi duniani hupima nguvu ya ugonjwa kwa kugusa viungo 28, yaani mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono na magoti. Kifundo cha mguu hakimo. Vidole vya miguu havimo. Sababu yake inaeleweka: kupima viungo vichache ni haraka, na miguu huvimba kwa mambo mengine pia. Lakini matokeo yake ni kwamba mgonjwa anaweza kuhesabiwa kuwa ametulia huku miguu yake inaendelea kuliwa polepole. Kwa mwalimu au karani hilo ni baya. Kwa mtu anayechota maji bondeni na kulima kwenye mteremko, mguu ndio riziki yake.

Naomba sasa tuzitazame picha zenyewe, maana hapa ndipo fedha zenu zitakapokwenda.

Mnakumbuka mafuriko ya Januari 2014 pale Dumila na Magole, maji yalipozisomba kingo za barabara kwenye daraja na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikafungwa. Aliyepiga picha baada ya maji kupita alipata picha nzuri sana ya shimo. Eksirei ni picha ya namna hiyo. Inaonyesha mfupa uliokwisha kumegeka, nafasi ya kiungo iliyokwisha kubana, kidole kilichokwisha kuhama. Maji yenyewe haiyaonyeshi. Katika miezi ya kwanza ya ugonjwa eksirei nyingi huwa safi, na ndiyo maana yule mama alirudishwa nyumbani. Kwa hiyo wajumbe, mtu akija na eksirei safi na bado anachechemea kila asubuhi, msimfute kwenye orodha.

Pamoja na hayo, eksirei ndiyo kipimo tunachokipata karibu, bei yake ndiyo nafuu, na picha ya leo inaweza kulinganishwa na ya mwaka ujao ili ijulikane kama ugonjwa unasonga. Mionzi inayotumika kwa mguu ni kidogo sana, chini ya ile ambayo kila mtu huipata kwa siku moja kutoka ardhini na angani. Ila kuna namna ya kuipiga. Ipigwe miguu yote miwili, pamoja na mikono yote miwili. Pawepo picha ya kutoka juu na nyingine ya kuinamisha kidogo, kwa sababu ule mmegeko wa pembeni ya kidole kidogo hujificha. Na kama inawezekana mgonjwa apigwe akiwa amesimama. Mguu uliolazwa kitandani hunyooka na kudanganya. Ukibeba uzito wa mwili ndipo unaonyesha jinsi ulivyoporomoka. Haya ni maelekezo ya mistari miwili kwenye karatasi ya rufaa, hayana gharama yoyote, na ofisi imekwisha kuyachapa ili kila mgonjwa ayachukue mkononi.

Kipimo cha pili ni ultrasaundi, ile ile ambayo akina mama wajawazito wanaifahamu. Hii inayaona maji yakiwa bado yanapanda. Inaonyesha utando ulionenepa na majimaji ndani ya kiungo, na ikiwa na sehemu iitwayo Dopla inaonyesha hata damu inavyokimbilia kwenye utando unaowaka. Wataalamu huupa uvimbe huo alama kuanzia 0 hadi 3. Haina mionzi, na mgonjwa anaweza kurudiwa mara nyingi daktari anavyotaka. Mwaka 2013 chama cha wataalamu wa magonjwa ya viungo wa Ulaya kilitoa mapendekezo kuhusu picha katika baridi yabisi, na kilikubali kwamba ultrasaundi na MRI huukuta uwakaji ambao mikono ya daktari haikuugundua.

Hapa kuna jambo ambalo wafadhili wetu wengi hawakulijua, hata mimi nilishangaa nilipoelezwa. Mashine ya ultrasaundi ni moja, lakini kile kishikio kinachopitishwa mwilini ni vingi. Cha wajawazito kimejipinda na mawimbi yake ya sauti yanakwenda mbali ndani ya tumbo. Kiungo cha kidole kiko chini ya ngozi tu, nacho kinahitaji kishikio kilichonyooka, chenye mawimbi mafupi zaidi, megahetsi 10 na kuendelea. Mahali penye mashine inayokubali vishikio vyote viwili, kununua kishikio kimoja ni gharama ndogo mno kuliko kununua mashine nzima.

Lakini kishikio hakisomi picha. Watu wenye afya kabisa, hasa sisi tunaotembea sana, tunaweza kuonekana na majimaji kidogo kwenye kiungo cha kidole gumba. Msomaji asiyefundishwa ataona ugonjwa mahali pasipo na ugonjwa, na mtu ataanzishiwa dawa kali bila sababu. Kwa maoni yangu mafunzo ya matabibu wawili yaje kabla ya kishikio, na kama fedha zitatosha kimoja tu, basi yatangulie mafunzo.

MRI nitaipita haraka. Huonyesha kila kitu, hata unyevu ndani ya mfupa ambao ni dalili kwamba hapo patamegeka baadaye, na inapatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili na Benjamin Mkapa ya Dodoma. Bei yake na nauli yake kwa mgonjwa mmoja vingehudumia wengi kwa eksirei. Siti skani nayo huuona mmegeko wa mfupa vizuri kuliko eksirei, lakini utando uliovimba hauonyeshi vizuri, na mionzi yake ni mingi zaidi. Hivi viwili daktari akiviona vinahitajika ataviandika mwenyewe. Sisi hatukuviweka kwenye bajeti.

Sasa swali la mgeni wetu kuhusu mashine ya eksirei iliyopumzishwa. Tunashukuru kwa moyo huo, na ninajua kwamba kukataa zawadi si desturi yetu. Lakini mashine ya eksirei ni kama ng'ombe wa maziwa: anayekupa ng'ombe hakupi majani. Kwa sheria yetu chombo chochote cha mionzi kinatakiwa kiwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Chumba kijengwe kwa kuta zinazozuia mionzi, apatikane mtaalamu wa mionzi mwenye cheti na alipwe kila mwezi, umeme uwe wa kutosha na usiotetereka. Kipuri kikiharibika na kiwanda kimeacha kukitengeneza, chumba kinageuka stoo ya mahindi. Wakati huo huo eksirei ziko katika hospitali za mkoa wetu ambazo wagonjwa hawafiki kwa sababu ya nauli. Tatizo la Mamboya ni barabara na shilingi. Mashine tunayo, ila iko mbali.

Nimjibu na mjumbe wa kalamu nyekundu. Ni kweli malaria inaua, na baridi yabisi haiui mtu kwa wiki moja. Hatukuchukua hata senti ya fungu la vyandarua. Someni ukurasa wa pili wa waraka. Lakini angalieni hesabu ya nyumba. Mama anayeacha shamba akiwa na miaka 38 ana watoto wa kusomesha kwa miaka kumi na mitano mingine. Binti mkubwa anaacha shule ili achote maji. Na huu ni ugonjwa ambao una dawa ya kuuzuia ikiwahi. Wataalamu wanashauri mwenye dalili amwone daktari anayeujua ugonjwa ndani ya wiki sita, na dawa ya kuuzuia ianze ndani ya miezi mitatu tangu dalili zianze. Dawa hiyo kuu, methotreksati, si ngeni wala si ya bei ya kutisha. Humezwa mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki na si kila siku, pamoja na vipimo vya damu mara kwa mara, na mwanamke mwenye mimba au anayetarajia mimba haruhusiwi kuitumia. Kinachotushinda ni kumfikisha mtu kwa daktari mapema akiwa na ushahidi mkononi.

Badala yake watu wetu wananunua diklofenaki na prednisoloni dukani miaka na miaka. Maumivu yanapungua, uso unavimba, na mfupa unaendelea kumegeka kimya kimya. Prednisoloni daktari naye huitumia, kwa kipimo na kwa muda. Inayouzwa bila daktari ndiyo inayotupa taabu.

Wala hatuko peke yetu katika hili. Mwaka 2021 watafiti wa KCMC ya Moshi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai wakiwachunguza watu viungo. Walianza na maswali machache na uchunguzi mfupi wa kutazama na kugusa, na mashine hazikuwa hatua ya kwanza. Nasi tunaweza kuanza hivyo hivyo, kwa kutumia ninyi mliopo hapa.

Kazi ya kamati ni hii. Mkitembelea nyumba, mwulizeni anayelalamika viungo: je, ana viungo vitatu au zaidi vilivyovimba? Je, asubuhi amekaza kwa nusu saa au zaidi? Kisha kwa ruhusa yake, na mama achunguzwe na mama mwenzake, avue viatu. Mshikeni mguu kama mnavyopeana mkono, mbanane polepole kutoka pande mbili pale mizizi ya vidole inapoanzia. Mwenye uvimbe wa utando ataruka. Fanyeni hivyo hivyo kwenye kiganja. Mwenye moja wapo ya mambo hayo aandikwe, mwenye mawili apewe nafasi ya kwanza. Asiyekuwa na maumivu ya viungo ila mguu mzima umevimba na ngozi imekuwa nene, huyo huenda ni matende, apelekwe kituo cha afya kwa njia yake. Na mkimkuta mtu ambaye kiungo kimoja kimevimba ghafla, ni chekundu, cha moto, na ana homa, msimwandike kwenye fomu yoyote. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kiungo chenye usaha huharibika kwa siku chache.

Mgonjwa akipigwa picha, aondoke nayo. Iwe ni filamu au iwe kwenye simu ya kijana wake, ni mali yake. Tumeona picha za mwaka wa kwanza zikipotea na daktari wa mwaka wa pili akiwa hana cha kulinganisha. Usharika utunze bahasha moja kwa kila mgonjwa, ikae ofisini kwa mchungaji ndani ya kabati linalofungwa, isifunguliwe na mtu mwingine.

Kuhusu viatu, kuna fundi anayekata soli laini kwa raba za gari na kitambaa kinene, na mafundi wa katambuga wa kwetu wanaweza kufundishwa. Fungu lake ni dogo. Wageni wetu, kama mnatafuta kitu ambacho shirika lenu linaweza kukilipia bila kusubiri mkutano mkuu, kiangalieni hicho.

Fungu la mwaka wa kwanza litalipa nauli ya mgonjwa na msindikizaji mmoja, ada ya kumwona daktari, vipimo vya damu, na eksirei ya mikono na miguu mara moja. Mafunzo ya matabibu wawili yako kwenye kifungu cha pili, na kishikio cha ultrasaundi kitaombwa baada ya wao kurudi na kueleza wanachokihitaji. Fomu za majina ziko kwa makatibu wa sharika. Zirudishwe ofisini zikiwa na sahihi ya mwenyekiti wa kamati na mganga wa zahanati iliyo karibu. Safari ya kwanza itabeba wagonjwa wanane, kwa sababu hicho ndicho kiasi cha viti vya gari letu ukiwatoa dereva, muuguzi na wasindikizaji wao.